Kutangaza kosa la kweli la mwenzako: ni lini ni wajibu, na ni lini ni dhambi?

Mwanajumuiya (mwanzisha uzi)

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Katika jumuiya ndogo ndogo ya parokia moja ninayoifahamu, mweka hazina alikuwa ameshika fedha za michango ya kuezeka paa la kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia), na sehemu ya fedha hizo haikufika kwa paroko. Mwenyekiti alimwita faraghani. Yule mama alikiri kwamba alizitumia mwanawe alipolazwa hospitalini, wakaandikiana namna ya kuzirejesha, na marejesho yakaanza. Baada ya hapo mwanajumuiya mmoja, aliyelikuta daftari la michango mezani, alizipiga picha kurasa zake, akazituma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya na kuandika chini yake jina la mama huyo pamoja na neno "mwizi". Kufikia jioni picha zilikuwa zimeingia kwenye kundi la kwaya na la WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), na zilikuwa zimewafikia hata shemeji zake kijijini.

Aliyezituma anajitetea kwa swali moja tu: "Kwani nimesema uongo?" Ni kweli hakusema uongo. Hapo ndipo ninapoomba tupajadili, kwa sababu wengi wetu tulikaririshwa Amri ya Nane kwa maneno mawili, "Usiseme uongo", tukatoka katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza tukiamini kwamba mtu akishasema kweli hana tena la kujibu mbele ya Mungu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inawataja watu watatu wanaoliharibu jina la mwenzao isivyo haki. Wa kwanza ni yule anayesadiki moyoni mwake, bila msingi wa kutosha, kwamba fulani ametenda ovu. Wa pili ni yule ambaye, bila sababu ya kweli yenye uzito, anawafunulia watu makosa ya mwenzake waliyokuwa hawayajui. Wa tatu ni yule anayesema uongo na hivyo kuwafanya wengine wamhukumu mwenzake vibaya. Mtazameni huyo wa katikati: hakuna uongo katika kosa lake hata chembe, na bado ameorodheshwa pamoja na msingiziaji.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alikwisha kulieleza jambo hili katika karne ya 13. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya Sehemu ya Pili, swali la 73, anataja njia nne za kumvunjia mtu jina waziwazi: kumzushia asilolitenda, kulikuza alilolitenda, kulifunua lililofichika, na kudai kwamba jema alilolifanya alilifanya kwa nia mbaya. Kisha anaipima dhambi yenyewe, na kwa maoni yake, ikitazamwa kwa jinsi yake, ni nyepesi kuliko kuua na kuzini lakini ni nzito kuliko kuiba, kwa kuwa jina jema, kama Mithali 22:1 isemavyo, ni bora kuliko mali nyingi. Kwa kipimo hicho, ndugu aliyepiga picha daftari hana sababu ya kujiona yuko juu ya yule mama.

Utaratibu wenyewe uko katika Mathayo 18:15-17: mwonye ninyi wawili peke yenu, asiposikia, mchukue mmoja au wawili, asipowasikia hao, liambie kanisa. Katika kisa chetu hatua ya kwanza ilikuwa imefanyika na ilikuwa imefaulu. Picha zile zilikuja kufanya kazi gani ambayo ilikuwa haijafanyika? Msimamo wangu ni kwamba aliyezituma ametenda dhambi, na ukweli wa picha hauipunguzi dhambi hiyo. Karibuni.

Mlipa Zaka

Milele amina.

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini, lakini kuna mtu umemsahau. Jirani yangu ni bibi mjane ambaye mchango wake wa paa aliutoa kwa noti za elfu mojamoja alizokuwa amezifunga katika ncha ya khanga, akasimama kuhakikisha jina lake limeandikwa daftarini kabla hajaondoka. Fedha zile hazikuwa za mwenyekiti. Mwenyekiti na mweka hazina walikaa chumbani wakazimaliza habari za mali ya watu wengine, na wenye mali hawakuambiwa lolote. Sasa mnalilinda jina la aliyechukua, na sioni anayemlinda aliyechukuliwa.

Tena Maandiko hayana sura ya Mathayo 18 peke yake. Petro alipojitenga na waamini wa mataifa kule Antiokia, Paulo hakumvuta pembeni, bali alimpinga uso kwa uso mbele ya wote, na habari hiyo imeandikwa katika Wagalatia sura ya pili ambako sisi sote tunaisoma hadi leo. Katika barua ya kwanza kwa Timotheo 5:20 anaagiza kwamba wadumuo kutenda dhambi waonywe mbele ya wote ili na wengine waogope. Ninachokiona mara nyingi ni kwamba mafundisho ya kutosengenya hukumbukwa haraka sana anapoguswa kiongozi, na husahaulika kabisa anapoguswa binti aliyepata mimba shuleni, ambaye habari zake kila mtu anajiona ana haki ya kuzijua. Nikisikia "tusisengenye" ikitoka kwa mtu anayeshika hesabu, ninataka kwanza kuona hesabu.

Msomakanuni

Ndugu Mlipa Zaka, hoja yako ni nzito, na ninadhani mafundisho yenyewe yanaipa nafasi kubwa kuliko unavyodhani.

Thomas wa Akwino hakusema kwamba kila kosa lianze kwa maonyo ya siri. Katika swali la 33 la sehemu hiyo hiyo ya Summa, makala ya 7, anayatenganisha makosa. Kosa lililotendwa hadharani linaweza kukemewa hadharani, kwa kuwa hakuna siri inayofunuliwa na waliolishuhudia wasipoona likikemewa wanaweza kudhani linaruhusiwa. Ndiyo hali ya Petro kule Antiokia, aliyehama meza watu wakimwona. Kosa la siri lenye kuwadhuru wengine, na mfano wake ni mtu anayepanga kuusaliti mji kwa maadui, lipelekwe mara moja kwa anayeweza kulizuia, isipokuwa kama una tumaini thabiti kwamba ukimwonya peke yako ataacha papo hapo. Kosa la siri linalomdhuru mtendaji mwenyewe, au linalokuumiza wewe peke yako, ndilo linaloanza na maonyo ya wawili. Kwa hiyo swali la kwanza si kama jambo ni la kweli, bali ni nani ataumia likinyamaziwa, na ni nani mwenye uwezo wa kulizuia.

Tukirudi kwenye daftari, kuna mambo mawili ambayo nyote mmeyafunga pamoja. Hesabu ni jambo moja, na mtu ni jambo jingine. Waamini wana haki ya hesabu: Kanuni ya 1287 ya Sheria za Kanisa, kifungu cha pili, inawataka wasimamizi watoe hesabu kwa waamini juu ya mali ambazo waamini wenyewe wamelitolea Kanisa, kadiri ya taratibu za sheria ya mahali. Bibi mwenye noti za elfu moja alistahili kuambiwa kwamba kiasi fulani cha fedha za paa hakipo, kwamba kinarejeshwa, na kwamba kitakuwa kimekamilika ifikapo siku fulani. Mwenyekiti hakusema hivyo, na hilo ni kosa lake. Lakini kanuni ya 220 nayo inakataza kuliharibu isivyo halali jina jema la mtu, na habari ya mtoto kulazwa, neno "mwizi", na picha zilizofika kwa shemeji zake havikumrudishia bibi hata shilingi moja. Shemeji hawakuchanga. Walikuwa wana haki gani ya kujua?

Ningeongeza kwamba pengine jina lingejulikana hata hesabu ingesomwa bila kulitaja, kwa kuwa kila mtu anajua nani anashika fedha. Hilo halizuii hesabu kusomwa. Aibu inayofuata baada ya kutimiza wajibu wa kweli si sawa na aibu uliyoikusudia.

Mfano ulio wazi kuliko wote wa wajibu wa kufichua tunausikia kila mara na hatuutafakari. Baada ya Komunyo katekista anasimama na karatasi yake na kusoma matangazo ya ndoa: fulani wa kigango fulani na fulani wa parokia fulani, tangazo la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, na kila anayejua kizuizi anaombwa atoe taarifa kwa paroko. Hayo si maneno ya desturi tu. Kanuni ya 1069 inawafunga waamini wote: anayejua kizuizi ana wajibu wa kumfunulia paroko au Askofu wa mahali kabla ndoa haijafungwa. Anayejua kwamba bwana harusi ana ndoa ya Kanisa iliyo hai katika jimbo jingine, akaona ni busara "kutoharibu shughuli ya watu", hajalinda jina la mtu yeyote. Amemwacha binti aingie katika ndoa ambayo ni batili tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo, tazameni jinsi wajibu huo ulivyowekewa mipaka. Taarifa inakwenda kwa paroko, si kwa mashangazi wa bibi harusi wala kwa kamati ya maandalizi. Tena inahusu kizuizi, yaani ndoa iliyopo, undugu wa damu wa karibu, umri, daraja takatifu na mengine yanayotajwa na sheria. Haihusu kwamba kijana alikuwa mlevi alipokuwa chuoni au kwamba alimwacha mchumba wa kwanza. Pako mahali pa katikati ambapo lazima mtu atafakari: kanuni ya 1098 inasema kwamba anayefunga ndoa akiwa amedanganywa kwa hila, ili akubali, kuhusu sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake inaweza kuvuruga vibaya maisha ya ndoa, amefunga ndoa batili. Kwa hiyo ukijua kwamba kijana anamficha mchumba wake kwa makusudi jambo zito la namna hiyo, huwezi kusema tu kwamba si kizuizi kisha ukajiweka kando. Mfuate kijana mwenyewe, umpe nafasi ya kusema kwa kinywa chake, na akikataa, paroko yupo.

Nimalizie na Yusufu. Mathayo 1:19 inasema kwamba, akiwa mtu wa haki, hakutaka kumwaibisha Maria hadharani na akaazimu kumwacha kwa siri. Mwinjili anaiunganisha haki na kutoaibisha katika sentensi moja, tena kabla malaika hajasema neno.

Mama Kwaya

Asante kwa maelezo, kaka Msomakanuni. Ninaomba kuuliza jambo ambalo limenisumbua. Wakati wa Juma Kuu foleni ya maungamo parokiani kwetu huwa ndefu, na kwa kuwa kanisa dogo hujaa, padre huwekewa kiti nje kidogo ya sakristia na watu husimama karibu mno. Mara moja nilisikia, bila kutaka, maneno ya aliyekuwa mbele yangu, na yalimhusu mtu ninayemfahamu. Mimi si padre; je, ninabanwa na siri?

Halafu mimi ni muuguzi. Huko kazini nako tunajua mambo ya watu.

Msomakanuni

Mama, unabanwa. Kanuni ya 983 inasema kwamba siri ya maungamo haivunjwi, na kwamba muungamishi haruhusiwi kumfichua muungamaji kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote wala kwa sababu yoyote ile. Kifungu chake cha pili kinamfunga pia mkalimani, kama alitumika, na kila mtu mwingine ambaye kwa njia yoyote alizijua dhambi kutokana na maungamo. Uliyoyasikia kwenye foleni yaishie hapo, hata kwa mumeo. Sheria mpya ya adhabu, iliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2021, imeongeza katika kanuni ya 1386 adhabu kwa anayerekodi maungamo kwa chombo chochote au anayeyatangaza kwa vyombo vya mawasiliano. Mimi ningemwomba paroko kwa heshima asogeze kile kiti, au watu wapangwe mbali zaidi.

Siri ya kazi ni jambo tofauti. Katekisimu, namba 2491, inasema siri hizo zitunzwe, isipokuwa katika hali za pekee ambapo kuitunza kutamletea madhara makubwa sana aliyeitoa, aliyeipokea au mtu wa tatu, na ambapo hakuna njia nyingine ya kuyaepusha madhara hayo isipokuwa kusema kweli. Masharti hayo yote lazima yatimie pamoja. Siri ya maungamo haina "isipokuwa".

Mlezi wa Watoto

Ndugu zangu, ninaomba niseme kwa ukali kidogo, kwa sababu nimefanya kazi na watoto na nimeona mafundisho haya mazuri yakigeuzwa kuwa mfuniko.

Mtoto anasema amefanyiwa ukatili na mjomba, au na mwalimu, au na mtu wa Kanisa. Wazee wanaitwa. Wanakaa sebuleni, mlango unafungwa, mtoto anaambiwa arudie maneno yake mbele ya wanaume sita, na aliyetajwa naye yupo hapo hapo amekunja mikono. Kisha mmoja anasema maneno yale yale: tusilichafue jina la familia, tulimalize kifamilia, Yesu alisema umwonye ndugu yako mkiwa wawili. Anapelekwa mbuzi, jambo limekwisha, na mtoto anarudi kulala katika nyumba ile ile.

Hakuna mahali popote katika mafundisho ya Kanisa panapoagiza hivyo. Maonyo ya faragha katika Mathayo 18 ni dawa kwa ajili ya mkosaji. Hayakuwekwa ili mwenye kuumia aendelee kuumizwa wakati mkosaji anapewa nafasi. Kwa kipimo alichotueleza ndugu Msomakanuni, hili ni kosa la siri lenye kuwadhuru wengine, na tumaini kwamba mtendaji ataacha kwa kuonywa na mtu mmoja si tumaini thabiti hata kidogo.

Kanisa lenyewe limejifunza hili kwa uchungu. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria iitwayo Vos estis lux mundi, akaifanya ya kudumu, baada ya marekebisho, mwaka 2023. Inamlazimu kila mkleri (shemasi, padre au askofu) na kila mtawa anayepata habari, au mwenye sababu za msingi za kuamini kwamba mkleri au mtawa amemdhulumu mtoto kijinsia, au kwamba mkubwa fulani amelifunika jambo hilo, atoe taarifa bila kuchelewa kwa mwenye mamlaka. Mlei naye anaweza kuitoa taarifa hiyo. Inakataza mtoa taarifa kulipiziwa kisasi au kubaguliwa, na inakataza anayedai kudhulumiwa asilazimishwe kunyamaza kuhusu yaliyomo katika taarifa yake. Pia inaeleza kwamba taratibu zake haziziondoi sheria za nchi zinazodai taarifa ipelekwe serikalini. Mnamo Desemba 2019 Papa huyo huyo aliondoa siri ya kipapa, yaani usiri mkali wa mambo ya Vatikani, katika mashauri ya namna hiyo, ili kisingizio cha usiri kisitumike tena. Na hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa aipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo.

Nakubali upande wa pili pia: aliyetajwa hajahukumiwa. Kumpeleka kwenye dawati la jinsia la polisi au ustawi wa jamii si sawa na kuweka picha yake mtandaoni ikiwa na maneno "mbakaji" kabla hajasikilizwa. Lakini ninyi mnaopenda kutukumbusha jina la mtuhumiwa, anzeni kwa kuhakikisha kwamba mtoto halali tena nyumba moja na huyo mtu. Baada ya hapo tutajadili jina.

Mlipa Zaka

Mama Mlezi amesema nilichokuwa nakitafuta. Sasa nijibiwe hili la mwisho. Taarifa imepelekwa panapostahili, na aliyepelekewa ameiweka chini ya mto. Mwenyekiti ni shemeji ya mhusika, au mkuu wa idara ndiye anayekula naye. Tunaendelea kusubiri hadi lini?

Msomakanuni

Hausubiri. Mathayo 18 ina ngazi, na ngazi maana yake ni kwamba ya chini ikishindikana unapanda. Juu ya mwenyekiti yuko paroko na halmashauri ya walei, juu ya paroko yuko Askofu, na kanuni ya 212 inawapa waamini haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao juu ya mambo yanayohusu mema ya Kanisa. Kwa wizi wa mali ya umma ipo TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, na tangu mwaka 2015 tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, ambayo inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka inayohusika. Kinachoongezeka unapopanda ni idadi ya wanaojua, na kila nyongeza lazima iwe na kazi yake.

Zipo pia hali ambapo kelele za wazi ndizo upendo wenyewe. Mtakatifu Fransisko wa Sales, ambaye aliandika kwa ukali sana dhidi ya kusengenya, anasema katika kurasa hizo hizo kwamba ni upendo kupiga kelele za mbwamwitu akiwa kati ya kondoo, popote alipo. Tapeli anayezunguka jumuiya baada ya jumuiya akikusanya fedha za hija isiyokuwepo hahitaji kuonywa faraghani wakati jumuiya inayofuata inamkabidhi akiba yake. Watangazieni watu wasimpe fedha, na semeni kwa nini. Hapo usitoke nje ya utapeli wake ukaingia katika ndoa yake na ukoo wake.

Mwanajumuiya (mwanzisha uzi)

Ninawashukuru nyote. Nabaki na msimamo wangu kuhusu picha zile, ila nakubaliana na ndugu Mlipa Zaka kwamba mwenyekiti naye ana deni lake kwa wenye fedha, na nimemweleza hivyo. Amekubali kwamba hesabu za paa zitasomwa katika ibada ijayo ya jumuiya, kiasi kilichopungua na kiasi kilichokwisha kurejeshwa.

Kilichobaki ni aliyezituma. Amekwenda kuungama, na ndugu zake wanasema yamekwisha. Katekisimu, namba 2487, inasema kwamba kila kosa dhidi ya haki na kweli linadai malipizi hata kama mtendaji amesamehewa, na wajibu huo unahusu pia makosa dhidi ya jina la mwenzako. Hapa kuna ugumu wa pekee. Msingiziaji njia yake, hata kama ni chungu, iko wazi: aseme kwamba alidanganya. Huyu wetu hawezi kusema hivyo, kwa kuwa atakuwa ameongeza uongo juu ya kosa lake. Thomas wa Akwino aliliona jambo hili katika swali la 62, na jibu lake ni kwamba aliyesema kweli isivyo haki alirudishe jina la mwenzake kadiri awezavyo bila kusema uongo, kwa mfano akiri kwamba alisema vibaya au kwamba alimwaibisha isivyo haki. Na kama hawezi kulirudisha jina, amfidie kwa njia nyingine.

Kwa kisa hiki ninadhani kuna kitu cha kweli ambacho alikiacha makusudi na ambacho bado anaweza kukisema. Siku alipopiga picha, kwenye daftari lile lile, chini ya kurasa alizozichagua, palikuwa na marejesho mawili yaliyoandikwa tarehe na kutiwa sahihi, naye alilikata eneo hilo la picha. Aseme hivyo katika kundi la jumuiya, kisha katika kundi la kwaya na la WAWATA, kwa sababu picha zilifika huko kwa mkono wake au wa rafiki zake. Kufuta ujumbe pekee hakutoshi. Wengi wamekwisha kuzihifadhi.

Kuhusu sisi tuliokuwa tukisoma na kucheka, swali lile la 73 lina makala nzima juu ya anayesikiliza masengenyo bila kupinga. Anayeyachochea, au anayeyafurahia kwa chuki, hana nafuu kuliko msemaji. Anayenyamaza kwa woga, uzembe au haya naye ana dhambi, ingawa mara nyingi ni ndogo zaidi. Waliozipeleka kwa shemeji kijijini wako katika kundi lile la kwanza, na malipizi yao ni kupiga simu huko huko walikozipeleka.